Moshi Niliomfukizia Salumu

Juzi nimegombana na jirani. Binti wa watu, mpole, hana neno na mtu, na mimi nimemfokea mpaka watoto wa mtaa wakaja kusimama uani kututazama. Kosa lake? Alikuwa anachoma maganda ya korosho nyuma ya nyumba apate moto wa kupikia maharage, na mgongoni kambeba mtoto. Moshi ule uliponifikia kibarazani sikuvaa hata viatu. Nilikwenda nikamwambia, "Mtoe mtoto hapo! Mtoe sasa hivi!" Akanitazama kama mtu anayemwona mwehu, akasema, "Bibi, mbona mkali hivyo? Moshi tu huu."

Moshi tu. Nilirudi kwangu, nikakaa chini, nikaona aibu. Nitakwenda kumwomba radhi, lakini si leo. Leo nataka nizungumze na ninyi wenzangu wa rika langu, mliolelewa Mtwara ile ya vumbi, maana hawa wa sasa hawawezi kunielewa hata nikiwaimbia.

Tuliishi upande ambao leo ni Chuno. Wakati ule Wazungu walikuwa wanajenga bandari ya kusafirishia karanga, na watu walimiminika kutoka kila pembe: Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, Wamakua, Wayao, Wangoni, kila mtu na mkeka wake kwapani. Nyumba zilisimamishwa chapuchapu, za miti na udongo, zimebanana kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwombea Mungu ukiwa kitandani kwako. Ya kwetu ilikuwa na vyumba sita na familia sita. Chumba chetu tulikuwa wanne: Baba, Mama, mimi niliyekuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele, na mdogo wangu Salumu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama.

Malori yalipita mchana kutwa na mawe ya gati. Vumbi jekundu lilikuwa likipanda halishuki. Likikosa pa kukaa linakaa kwenye uji. Upande wa pili wa barabara palikuwa na tanuri la chokaa, matumbawe yanachomwa kwa magogo, moshi wake mzito unatambaa chini kwa chini mpaka vyumbani. Na uani, kila familia na mafiga yake. Ukipenga kamasi linatoka jekundu. Sisi watoto tuliona raha kabisa, tulikuwa tukishindana kamasi la nani limekolea rangi. Watoto hawana akili, jamani, hata mkiwasifu vipi.

Mama alikuwa mwanamke mfupi, mweusi tii, mwepesi wa ulimi na wa miguu. Kwao Kitaya, mtoni. Kule hewa ni safi, unavuta mpaka unashiba. Lakini Kitaya hiyohiyo Mama alikuwa amezika watoto wawili, kaka zangu nisiowajua sura, wote kwa homa, wote wakati wa masika. Mtoni kuna hewa nzuri, na kuna mbu, na zama zile tabibu alikuwa mbali. Baba alipopata kibarua cha kuvunja mawe bandarini, Mama alifunga mzigo kabla hajaambiwa. Mjini kulikuwa na zahanati. "Afadhali wanangu wale udongo," alisema, "kuliko udongo uwale wao."

Kaka yake hakuafiki. Kwetu, mnajua wenyewe, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Baba anapendwa, anaheshimiwa, anapakuliwa kwanza, lakini likija jambo la mtoto anakaa pembeni asikilize. Mjomba alimruhusu Mama aondoke kwa sharti moja, akalitamka mbele ya watu. "Zainabu, mfuate mumeo. Lakini nikisikia mtoto mmoja ameharibika kwa mji huo, nakuja kumchukua, na hutanijibu neno."

Mama akakubali. Siku ile angekubali lolote.

Salumu alianza kukohoa kabla hajaota jino la pili. Kwanza kikohozi kikavu, cha kawaida tu, kisha kikashuka chini, kifua kikawa kinakoroma kama uji unaotaka kuchemka. Mama alifanya kila aliloweza. Alilowesha kanga akaitundika mlangoni izuie vumbi. Ikifika jioni ni nyekundu, anaifua, anaitundika tena. Alfajiri malori hayajaanza, alimbeba mpaka ufukweni, mimi nyuma nasinzia, akakaa naye mchangani kamwelekeza uso baharini. "Vuta, mwanangu," alimwambia. "Vuta, hiyo ni ya bure." Salumu alikuwa anacheka na kula mchanga.

Dresa wa zahanati, mtu mrefu wa maneno machache, alimsikiliza kifua kwa mpira wake, akajaza dawa ya maji kwenye chupa tuliyokwenda nayo. "Hii itamsaidia kidogo," akasema. "Mtoto huyu anataka hewa. Mtoe mjini."

"Nimpeleke wapi?" Mama akauliza.

"Huna kwenu?"

Mama akachukua chupa. Njia nzima ya kurudi alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma, nikawa najiuliza nimekosa nini.

Na moshi mbaya kuliko wote ulikuwa wetu wenyewe. Ujira wa Baba haukufika popote, kwa hiyo Mama alikuwa anabangua korosho na kuwauzia vibarua. Mnaikumbuka kazi ile: unatandaza korosho kwenye bati lenye matundu juu ya moto, mafuta ya maganda yanashika moto yenyewe, unapanda moshi mweupe mzito unaokata koo, unatupia mchanga kuuzima, ndipo unakaa kugonga moja moja, vidole umevipaka majivu visiungue. Mama aliifanyia pembeni kabisa ya ua, Salumu akimwachia Mama Pili, jirani yetu wa chumba cha pili, Mmakua mnene mwenye moyo mweupe. Lakini ua wa familia sita una pembeni? Moshi ulimfuata Mama Pili na mtoto mpaka uvunguni.

Hakuna aliyeniambia kwamba moshi ndio unaomwumiza Salumu. Nani angemweleza mtoto? Mimi nilijua kitu kimoja tu: kuna kitu kimeingia kifuani mwa mdogo wangu, na kilichoingia lazima kitolewe.

Siku moja akapita mtu wa Kitaya aliyekuja kutafuta kibarua. Alisalimia, akanywa maji, ndipo akatua mzigo wenyewe. "Kaka yako anakuja Alhamisi. Amesikia mtoto hana afya."

"Nani kamwambia?" Mama akasema.

"Ah, Zainabu. Maneno yana miguu."

Mama alikaa chini palepale, kwenye vumbi, yeye aliyekuwa hakai bila kupangusa. Baba aliporudi, kabla hajanawa, akamwambia, "Kaka akimkuta anakoroma hivi, anamchukua. Na kule masika yakiingia atamfuata mwenzake na mwenzake."

"Atamchukuaje mtoto anayenyonya?" Baba akasema.

"Humjui kaka yangu wewe."

Nilisikia yote. Chumba kimoja, ungesikiaje nusu? Na niliogopa, wenzangu, niliogopa sana, maana mimi kufa nilikuwa nakujua kwa jina tu, na Mama alilitaja jina hilo sauti ikamkatika.

Siku mbili zile ua wetu ulibadilika. Mama aliacha kubangua. Alifagia mara tatu kwa siku, akayazoa maganda yote akayatia kwenye debe, akalifunika gunia nyuma ya bafu ili Mjomba asijue kazi iliyokuwa ikifanyika pale. Alimlambisha Salumu asali na ndimu mpaka mtoto akawa ananata. Na nilimwona, kwa macho yangu, amepiga magoti mbele yake, anamwomba, mtoto wa mwaka mmoja na ushei, anamwomba kabisa: "Babaangu, usikohoe. Siku moja tu. Akishaondoka utakohoa utakavyo."

Salumu akamkoholea usoni.

Sasa nisikilizeni. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mdogo kule Kitaya, nilipatwa na degedege. Nilikakamaa, macho juu, watu wakaanza kulia. Bibi yangu, mama yake Mama, akachukua mavi ya tembo makavu, akayachoma kwenye kigae, akanipakata, akatufunika sote wawili kwa kanga pamoja na ule moshi. Nililia, nikakohoa, nikatoka jasho jekejeke, nikapona. Hadithi hiyo nilisimuliwa mara elfu. "Moshi ulikuwa mkali," Bibi alikuwa akisema, "ndiyo maana kile kitu kilitoka mbio." Alimaanisha ugonjwa ulioniingia.

Basi nikapiga hesabu zangu. Mjini hakuna tembo. Lakini moshi mkali upo, tena mkali kuliko wa tembo, unaowatoa machozi hata wanaume wazima. Na Mama, na akili zake zote, kaufunika kwa gunia nyuma ya bafu! Nilimwonea huruma. Nilidhani amesahau.

Alhamisi asubuhi Mama alikwenda kununua samaki. "Kaka hawezi kula kisamvu kitupu kwangu," alisema. Akaniachia Salumu. "Mwangalie mdogo wako. Usimtoe nje, vumbi." Mama Pili alikuwa kisimani. Nilihesabu hatua za Mama mpaka zikapotea, nikafanya haraka, maana nilitaka akirudi amkute mtoto mzima, na Mjomba akifika asikie kifua kimenyamaza.

Nilichota makaa kwa kigae, nikatia konzi mbili za maganda. Nikafunga mlango. Nikampakata Salumu kama Bibi alivyonipakata mimi, kigae mbele ya miguu yetu, nikajifunika naye kanga mbili za Mama, moja juu ya nyingine, nikazikalia ncha zake ili moshi usitoroke.

Maganda yalichemka, yakatema, moshi ukapanda. Mungu wangu! Ulinishika koo kama mkono wa mtu. Salumu alipiga ukelele, akajinyonganyonga, akanikwaruza shingo, na mimi nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi. Bibi alisema mgonjwa akilia sana ni kile kitu kinalia, hakitaki kutoka. Nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote, machozi yananitoka, nakohoa mwenyewe nataka kutapika, namwambia, "Vumilia, Salumu, kinatoka, kinatoka."

Kisha akanyamaza. Kifua kilichokoroma miezi yote ile, kimya. Nikajua amepona. Nikafunua kanga ili nimtazame.

Midomo yake ilikuwa rangi ya zambarau. Macho nusu yamefunguka, hayanitazami. Kichwa kilianguka nyuma kama cha kuku aliyechinjwa. Nilimwita, nikamtikisa, nikamwita tena, halafu ikanitoka sauti ambayo sijaitoa tena maishani mwangu.

Mama Pili ndiye aliyesukuma mlango, ndoo imemwanguka njiani. Aliona kigae, aliona kanga, aliniona mimi. "Hee! Umemfanya nini mtoto, weye?" Hakungoja jibu. Alimpokonya, akakimbia naye nje, akampepea, akampiga mgongoni, anaita watu. Ua ukajaa. Na katikati ya watu wale akaingia Mama na samaki wake kwenye kikapu.

Mama hakupiga kelele. Alitupa kikapu, akampokea mwanawe, akaweka mdomo wake juu ya pua na mdomo wa mtoto, akanyonya, akatema. Akanyonya, akatema. Watu wote tumesimama, hata wale wapiga domo wa chumba cha sita wameshika vichwa. Alinyonya mara ngapi mimi sijui. Mpaka Salumu akavuta pumzi moja nyembamba, kama mlango wenye kutu, akakohoa, akatapika, akaanza kulia kilio cha chini kabisa.

"Hodi," sauti ikasema nyuma yetu.

Mjomba alikuwa amesimama penye mlango wa ua, mavumbi mpaka kwenye nyusi, mzigo wake begani.

Yeye ndiye aliyembeba mpaka zahanati, anakimbia, mtu mzima yule, kanzu ameikunja kiunoni. Dresa alikaa na mtoto mpaka alasiri. Walipomrudisha alikuwa amelala, amenyong'onyea, lakini anapumua. Baba alikuwa ameitwa kutoka kazini, kope zake nyeupe kwa unga wa mawe. Mkeka ukatandikwa chumbani. Mjomba, Baba, Mama na mtoto mapajani, Mama Pili mlangoni, na mimi kwenye kona nimejikunyata.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," Mjomba akaanza. Hakuwa anafoka. Afadhali angefoka. "Mtoto anaumwa miezi, sikuambiwa. Nanyamaza. Leo nakuta amefukizwa maganda ya korosho. Maganda ya korosho, Zainabu! Nataka kujua ni nani."

Mama Pili aliangalia miguu yake.

Mjomba akageuka, akanitazama. Macho yangu yalikuwa yamevimba, na nywele, nguo, vyote vinanuka. "Huyu ananuka moshi," akasema polepole. "Mtoto anayemfunika mwenziwe mpaka pumzi ikate, huyo si bure. Kuna anayemtuma. Kama ni yeye naondoka naye leo, nikampeleke akatazamwe."

Tuliokulia kule tunajua maana ya kutazamwa na mganga. Mtoto akishapelekwa akatazamwe, jina la uchawi halimtoki. Atakua nalo, ataolewa nalo kama atapata wa kumwoa, na kila kitoto kitakachougua kijijini watu watauliza siku ile alipita wapi. Mimi sikuyajua yote hayo. Nilijua tu kwamba natakiwa kusema, nami nikazidi kujibana kwenye kona.

"Ni mimi," Mama akasema.

Baba akamtazama.

"Nimemfukiza mimi. Nikamwachia Somoe, dada yake, amshike, nikakimbilia samaki. Nilitaka usimkute anakohoa."

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yangu hasa, kama nilivyoiweka moyoni, na wala sikuwa nimemwambia neno. Mama Pili alivuta pumzi kama anayetaka kusema, Mama akamkata jicho, akanyamaza.

Mjomba akamtazama mtoto mapajani. "Basi umeshindwa," akasema. "Nilikwambia. Nitamchukua, mama yetu atamlea."

"Shemeji," Baba akasema, "mtoto bado ananyonya."

"Kuna uji."

Baba akainamisha kichwa. Nilimchukia siku ile, baba yangu maskini, kana kwamba mimi nilikuwa nimesema zaidi yake.

Waliondoka baada ya siku mbili, Salumu alipopata nguvu. Mama hakulia mbele ya kaka yake. Alipanda kitandani akafungua chandarua, kile kimoja tulichokuwa nacho, akakikunja, akakiweka juu ya mzigo. "Masika mlazeni humu," akasema. "Kaka, hilo tu. Sikuombi jingine." Akambusu mtoto utosini, akaingia ndani kabla hawajafika barabarani. Mimi nilisimama mlangoni nikaona kichwa cha Salumu begani kwa Mjomba kinatikisika, anakohoa, mpaka lori likapita na vumbi likawafunika.

Hakufa. Niseme haraka, maana najua mnaogopa kama Mama alivyoogopa masika yote matatu ya mwanzo, kila mgeni wa kutoka mtoni akibisha hodi. Salumu alikua, akapiga kasia, akaoa, akazaa. Kifua chake kikawa cha kuita watu ng'ambo ya mto. Mjomba hakuwa mtu mbaya, na kwa hewa alisema kweli. Lakini Bibi ndiye Salumu aliyemwita mama, mpaka anakuwa mwanamume mzima. Mama yetu mwenyewe alimwita dada tu, kwa heshima, na akija mjini alikaa kwenye kiti cha wageni.

Ila ninachokiona nikifumba macho si hayo. Ni siku ya tatu baada ya kuondoka kwao. Mama alikuwa ana homa, kifua kimemvimba, hawezi kuinua mikono. Nilimtafuta nikamkuta nyuma ya nyumba peke yake, ameinama, mkono mmoja ukutani, anakamua maziwa chini. Yalikuwa yakidondoka kwenye lile vumbi jekundu, yanafanya matope kidogo, na yeye anayafukia kwa mguu ili watu wasione.

Nikamwambia, "Mama, ni mimi niliyemfukiza."

Hakugeuka. "Najua," akasema. Akahamia ziwa la pili. Uso wake ulikuwa umelowa, na sauti ilikuwa ya kila siku, ile ya kuniambia nikachote maji. "Nikikusikia unalisema hilo kwa mtu yeyote, Somoe, hata ukiwa bibi kizee, nitajua kwamba nilimtoa mdogo wako bure."